Cheche za Blanketi na Simu Iliyofunguliwa

Kiangazi hiki bila shaka mumeona: usiku mukikunja blanketi la nailoni, cheche zinaruka ta-ta-ta na watoto wanacheka. Mtoto hazimdhuru. Lakini simu iliyofunguliwa mezani, hiyo ni habari nyingine.

Jirani yetu mmoja alipeleka simu itengenezwe tundu la chaji. Ilirudi nzima, ikafanya kazi siku nne, halafu ikazima kabisa. Ndani yake kulikuwa na namba ya dada yake aliyebaki ng'ambo ya mpaka, na picha za marehemu mama yao. Tulimsindikiza kwa fundi. Kijana wa watu hakubisha, akatuonyesha anapofanyia kazi: meza imetandikwa plastiki, kiti cha sponji, naye amevaa jezi ya mpira. Hatuwezi kuapa kwamba ndivyo vilivyoua simu ile, ila vyote vitatu vinazaa umeme tuli.

Vitu vikisuguana wakati hewa ni kavu, umeme unajikusanya mwilini. Mtu hausikii mpaka ufike kama volti 3,000, ndipo kidole kinashtuka. Vipande vingine vya bodi vinaharibika hata chini ya volti 100! Basi unaweza kuiua simu na usisikie kitu. Tena mara nyingine kipande hakifi papo hapo, kinajeruhiwa tu, kinajikokota siku chache, kisha kinakata.

Nyie vijana mnaotengeneza, kwanza chomoeni chaji, toeni betri. Vaa shati la pamba, ondoa ile plastiki, fanyia kazi juu ya ubao mtupu. Kabla ya kugusa bodi, shika chuma kisichopakwa rangi kilichozikwa ardhini, na ukiinuka ukirudi, kishike tena. Bodi ishikwe pembeni. Kipande kipya kikija katika mfuko wake wa rangi ya fedha, kiache humo mpaka dakika ya kukifunga.

Iko bangili ya mkononi yenye waya wa kupeleka umeme huo ardhini. Ni nzuri, lakini msijitengenezee ya waya mtupu, tafadhali! Ile ya kweli ina rezista ya ohmu milioni 1 ndani, ili ukigusa umeme wa jenereta kwa bahati mbaya usikumalize. Kumwagia maji sakafu ya udongo, kama mama zetu wanavyozuia vumbi, kunasaidia pia; ila ukiwa umesimama hapo peku usiguse chochote kilichochomekwa. Na televisheni za zamani zenye mgongo mrefu msizifungue kabisa, hata zikiwa zimechomolewa: zinabaki na maelfu ya volti ndani, na hapo bangili ndiyo inakuponza.

Jirani yetu namba ya dada ameipata tena kwa mjomba wao. Picha bado. Bodi iko ndani ya mfuko wa rangi ya fedha, inangoja fundi wa mjini.