Hesabu ya Matofali ya Dohani kabla ya Kuwasha Tanuu

Wazee wetu wa Unyanyembe waliochukua mizigo ya misafara mpaka pwani hawakuondoka hapa kabla mizigo haijahesabiwa. Mpagazi mmoja alichukua kadiri ya frasila 2, na mwenye safari alijua mapema atake watu wangapi. Nawe mkulima unayekusudia kujenga dohani, yaani bomba la kutolea moshi jikoni, yakupasa kuhesabu vivyo hivyo kabla hujachimba udongo.

Mimi sikufanya hivyo. Nilipojenga nyumba yangu hapa Kitete nalihesabu matofali ya kutoka sakafuni mpaka paani, nikasahau kwamba dohani haikomi paani. Matofali yakaisha, mvua ya Novemba ikaanza, wala hapakuwa na jua la kukausha mengine. Dohani ikabaki fupi kuliko kipaa, na kila upepo ulipovuma moshi ulirudi ndani. Mama watoto akapika msimu mzima huku machozi yakimtoka, na mtoto wetu mdogo akakohoa mpaka kiangazi. Wala si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Dohani haiondoi hatari yote, lakini dohani fupi haiondoi kitu.

Basi tuhesabu. Pima tofali lililokwisha kuchomwa, usipime kalibu, kwa maana udongo hupungua ukikauka, na hupungua tena motoni. Tuseme tofali lako lina urefu wa inchi 8½, upana inchi 4 na kimo inchi 2½. Pamoja na nusu inchi ya udongo wa kuungia, litashika nafasi ya inchi 9 kwa 4½ kwa 3. Jiko la nyumbani latosheka na dohani yenye tundu la inchi 9 kila upande. Kwa nje itakuwa inchi 18 kila upande. Wengi hudhani safu moja yataka matofali 8, kwa kuwa kila upande una urefu wa matofali 2, na pande ni nne. Sivyo. Yapange chini uone: pande mbili zinazoelekeana hupata matofali mawili mawili, na kati yao, katika pande zilizobaki, huingia tofali moja moja. Jumla ni 6, wala hukati hata moja. Safu ya pili ugeuze, ili viungo visifuatane.

Safu 4 ni futi 1. Kwa hiyo kila futi yataka matofali 24. Ikiwa ni futi 10 mpaka paani, na futi 4 juu yake ili ipite kipaa kwa futi 2 au zaidi, jumla ni futi 14, yaani matofali 336. Ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya yatakayovunjika, upate 370. Usipunguze kwa sababu ya tundu la kuingizia moshi. Matofali hayo yatakufaa kwa kingo za jiko. Juu ya tundu hilo weka kipande cha chuma bapa, kamwe usiweke mti.

Sehemu ya chini ya paa ijengwe kwa udongo wa kichuguu na mchanga, kwa sababu saruji hupasuka kwa moto. Itakula madebe 11 ya mchanganyiko mkavu, na madebe 3 zaidi ya kupaka ndani. Paka kadiri unavyopanda, maana baadaye mkono haufiki. Futi 4 za juu hunyeshewa mvua. Hizo zitake madebe 4 ya mchanga na nusu mfuko wa saruji.

Msingi usiudharau. Tofali moja lina uzito wa karibu ratili 5, hata mzigo wa mpagazi ungekuwa matofali 14, na dohani yako ingetaka wapagazi 27. Ikisha kujengwa hupita tani moja. Chimba shimo la futi 2½ kila upande, kina futi 1½, ulijaze madebe 15 ya mawe na udongo wa kuziba nafasi. Ukiwa na paa la nyasi, ziondoe nyasi zilizo karibu na dohani pande zote, uzibe nafasi kwa bati.

Nyumba moja isichome matofali 370 peke yake. Tanuu dogo hula kuni nyingi, na matofali ya nje hubaki mabichi. Shirikianeni jirani kumi mwashe tanuu moja, wala msiutie mninga motoni, kwani huo ni mti wa milango. Fyatueni mwezi wa Juni, mchome Agosti, na kila mtu ahesabu matofali yake yanapotolewa tanuuni, akiligonga kila moja: lililoiva hulia kama chuma, na lisilolia lisipandishwe juu ya paa.