Uteuzi wa Programu za Terminali za Kufuatilia Rasilimali katika Linux na Suala la Istilahi: Mtazamo kutoka Kabalagala, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua programu ya terminali inayoonyesha matumizi ya kichakataji, kumbukumbu, diski na mtandao katika kompyuta zinazoendeshwa na Linux. Mazingira yanayozingatiwa ni ya watoa huduma wadogo wa kompyuta katika eneo la Kabalagala jijini Kampala. Hoja kuu ni kwamba ubora wa kiufundi wa programu si kigezo pekee: takwimu sahihi ikisomwa kwa istilahi yenye utata huzaa uamuzi usio sahihi, na uamuzi huo hugharimu fedha. Makala yanapendekeza tofauti kadhaa za istilahi na kuonyesha pengo la kisera kuhusu utambuzi wa Kiswahili cha Uganda katika mfumo wa Linux wenyewe.

Utangulizi

Kabalagala ni mtaa ulio kando ya Barabara ya Ggaba, katika Divisheni ya Makindye. Jina lake ni la kitafunwa kinachotengenezwa kwa ndizi mbivu na unga wa muhogo, ingawa wakazi wengi wa Kampala wakilisikia hufikiria kwanza baa na muziki wa usiku. Mchana mtaa huo una sura nyingine. Jirani yake, Kansanga, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na kilipo chuo hapakosi uchapaji wa tasnifu, unukuzi wa faili, ujazaji wa fomu za mtandaoni na utengenezaji wa kompyuta zilizokwishatumika. Lugha zinazosikika hapo ni Kiganda, Kiingereza, Kiamhari, Kitigrinya, na Kiswahili cha aina zaidi ya moja, kikiwamo kile cha mashariki ya Kongo chenye msamiati uliochanganyika na Kifaransa.

Katika mazingira ya namna hii Linux ina mvuto unaoeleweka: haina ada ya leseni, na huweza kuendesha mashine ambayo mfumo mwingine umeshaikataa. Hata hivyo mashine kongwe huchoka mara kwa mara, na mhudumu anapaswa kujua imechoka wapi. Je, ni kichakataji, ni kumbukumbu, ni diski, au ni mtandao? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atanunua kipuri, atafunga programu moja, au atasubiri tu. Programu za kufuatilia rasilimali zipo kwa ajili ya jibu hilo.

Chanzo kimoja, madirisha mengi

Jambo ambalo wateuzi wengi hulipita ni kwamba karibu programu zote za aina hii katika Linux husoma mahali pamoja. Kiini cha mfumo huweka takwimu zake katika saraka iitwayo /proc, ambayo haimo katika diski bali huundwa na kiini chenyewe kila inaposomwa. Kwa hiyo top, htop, atop, btop na Glances hazishindani kwa ukweli wa takwimu. Zinatofautiana katika kile zinachochagua kuonyesha, mara ngapi zinasoma, kwa gharama gani, na kama zinatunza kilichopita.

top ndiyo kongwe. Iliandikwa mara ya kwanza na William LeFebvre mwaka 1984 kwa ajili ya mifumo ya Unix, na toleo linalotumika katika Linux ni sehemu ya kifurushi cha procps. Sura yake haipendezi, lakini ina sifa moja inayoizidi uzuri: karibu kila kompyuta ya Linux huja nayo. Umuhimu wa sifa hiyo ulionekana Uganda mwezi Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa takribani siku tano wakati wa uchaguzi mkuu. Katika siku kama hizo hakuna hazina ya programu ya kupakua chochote, na anayejua kutumia kile tu anachokusudia kukisakinisha kesho hana chombo. Kwa sababu hiyo mafunzo yoyote yanayoanzia kwenye programu za kupendeza na kuiacha top yana kasoro ya mpangilio.

htop, iliyotolewa na Hisham Muhammad wa Brazili mwaka 2004, iliongeza rangi, mistari ya kupimia, uwezo wa kupanda na kushuka katika orodha, na mti unaoonyesha mchakato upi umezaa upi. Kwa kazi ya kila siku ya dukani hii ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ni nyepesi na amri zake za msingi zimeandikwa chini ya skrini. btop, iliyotolewa mwaka 2021 ikiwa mrithi wa bashtop na bpytop, inavutia macho kuliko zote kwa grafu zake. Grafu hizo, kwa kawaida, huchorwa kwa alama za maandishi ya Breli zilizomo katika Unicode. Skrini isiyo na fonti hizo huonyesha vurugu tupu mpaka mtumiaji ageukie hali sahili zaidi ya uchoraji. Glances, iliyoandikwa kwa Python, ina faida ya kuonekana pia kupitia kivinjari na kuhamishia takwimu katika faili, lakini kwa mashine yenye kumbukumbu kidogo inaweza kuwa mgonjwa wa ziada wodini.

atop ni ya ukoo mwingine. Zilizotajwa awali huonyesha hali ya sasa. Atop, mbali na kuonyesha, huandika. Kwa mpangilio wake wa kawaida huhifadhi picha ya mfumo kila baada ya dakika 10, na mafaili yake hutunzwa kwa siku 28. Mhudumu aliyekuta seva imekwama asubuhi anaweza kurudi nyuma hadi saa nane za usiku na kuona mchakato upi ulikuwa ukila diski. Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi dukani ni “jana kulitokea nini?” kuliko “sasa kuna nini?”, na kwa swali hilo htop na btop hazina jibu.

Gharama ya kutazama

Kutazama nako kuna bei. top husoma upya kila sekunde 3, htop kila sekunde 1.5. Kwa kompyuta iliyo mezani hilo si neno. Lakini mhudumu anayesimamia seva iliyoko ng’ambo kupitia terminali hulipia kila mabadiliko ya skrini kwa data, na nchini Uganda data ya intaneti imetozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipochukua nafasi ya kodi ya mitandao ya kijamii iliyoanza mwaka 2018. Grafu inayosogea hubadilisha sehemu kubwa ya skrini kila mara; jedwali la maandishi hubadilisha tarakimu chache. Amri top -d 10 hupunguza kasi hadi sekunde 10, nayo htop -d 50 hadi sekunde 5, kwa kuwa htop huhesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Amri top -b -n 1 huchapa hali mara moja tu na kunyamaza, nayo hutosha kwa ukaguzi mwingi.

Kumbukumbu “huru” na kumbukumbu inayopatikana

Ugumu wa uteuzi huu, kwa maoni ya makala haya, haumo katika programu bali katika kuisoma. Ichukuliwe kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu. Baada ya saa chache za kazi, amri ya free huonyesha kwamba kumbukumbu isiyo na kitu imebaki kidogo sana. Neno la Kiingereza linalotumika hapo hutafsiriwa na wengine kuwa “bure”, na wengine kuwa “huru”. Tafsiri ya kwanza ni kichekesho. Ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inaonekana sahihi: inampa msomaji picha kwamba kisichokuwa huru kimeshikwa, na kwamba kilichoshikwa hakiachiliki.

Sivyo Linux inavyofanya kazi. Mfumo hutumia kumbukumbu iliyokaa bila kazi kutunza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni ili yasisomwe tena kutoka diskini, na huiachia mara programu inapoihitaji. Kwa sababu hiyo kiini kimekuwa kikitoa, tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, makadirio mengine: kiasi ambacho programu mpya ingeweza kupata bila mfumo kuanza kutumia diski kama nyongeza ya kumbukumbu. Kipimo cha kwanza kinaweza kuwa megabaiti 150 na cha pili gigabaiti 2 katika mashine ileile na dakika ileile. Anayesoma cha kwanza atamwambia mteja anunue kumbukumbu mpya; anayesoma cha pili atamwambia tatizo liko kwingine. Makala yanapendekeza “kumbukumbu tupu” kwa cha kwanza na “kumbukumbu inayopatikana” kwa cha pili, na kwamba “huru” liachwe kabisa katika muktadha huu. Katika htop utata huohuo umo katika rangi: kwa mpangilio wake wa kawaida sehemu ya njano ya mstari wa kumbukumbu ni akiba hiyo ya mafaili, nayo hudhaniwa kuwa imejaa.

Neno “kumbukumbu” lenyewe lina mzigo. Linatumika kwa kumbukumbu ya kompyuta, kwa nyaraka, kwa muhtasari wa kikao, na kwa faili linaloandikwa matukio ya mfumo. Sentensi “atop huhifadhi kumbukumbu za kumbukumbu” ni sahihi kisarufi na haimsaidii mtu yeyote. Kiswahili cha pwani kina neno “batli”, daftari ambamo nahodha huandika mwenendo wa safari ya chombo. Neno la Kiingereza kwa faili za aina hii nalo lilitoka baharini. “Batli” ni fupi, halina maana nyingine inayogongana nayo katika kompyuta, na linastahili kufikiriwa na vyombo vya usanifishaji kabla ya kubuni jipya.

Mzigo usio wa kichakataji

Takwimu tatu zilizo juu ya top, wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15, hufasiriwa mara nyingi kuwa ni shughuli za kichakataji. Katika Linux si hivyo tu. Hesabu hiyo hujumuisha pia michakato iliyolala usingizi usiokatizwa, ambayo kwa kawaida inasubiri diski. Ndiyo maana kompyuta yenye diski chakavu huweza kuonyesha mzigo wa 9 huku kichakataji chake kikiwa kimekaa. Kipimo cha kutazama hapo ni “wa” katika mstari wa kichakataji wa top, yaani asilimia ya muda ambao kichakataji hakina kazi kwa sababu kinasubiri diski. Tangu toleo la 4.20, la mwishoni mwa mwaka 2018, kiini hutoa pia vipimo vya shinikizo, vinavyoeleza ni sehemu gani ya muda michakato imekwama kwa kukosa rasilimali fulani. Kwa Kiswahili “shinikizo” linaeleza jambo hili vizuri kuliko “mzigo”: mzigo unaweza kubebwa bila shida, shinikizo huumiza.

Kitenzi “kuua” kinahitaji uangalifu wa namna hiyo. Kitufe F9 cha htop hufungua orodha ya ishara. Ishara namba 15 huuomba mchakato umalize, nao hupata nafasi ya kuhifadhi kazi. Namba 9 huukata bila kuuarifu. Mafunzo yanayoziita zote mbili “kuua” humfanya mhudumu asione tofauti, na mwanafunzi aliyekuwa na sura ya tano ya tasnifu haijahifadhiwa ndiye hulipa. “Kukomesha” na “kukata” yangetosha kuzitenganisha.

Kile kinachoonekana na wasiostahili

Programu hizi huonyesha pia mistari ya amri ya watumiaji wengine wa mashine. Nywila iliyoandikwa ndani ya amri huonekana kwa kila mwenye kufungua htop, na atop inaweza kuiweka katika batli kwa siku 28. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu pia mwenye duka anayetunza data za wateja, si benki peke yake. Saraka ya /proc inaweza kuwekwa kwa chaguo la hidepid ili kila mtumiaji aone michakato yake tu.

Kiswahili cha Uganda ndani ya mfumo

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika programu huria ni za zamani kuliko azimio hilo: mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo juhudi za aina hiyo zilielekea kwenye programu za ofisi. Terminali ilibaki nje. Vifurushi kama procps vina utaratibu wa kupokea tafsiri. Maandishi ya htop yamefungwa ndani ya msimbo kwa Kiingereza, hivyo kuitafsiri kunahitaji kwanza mabadiliko ya programu yenyewe. Kwa mpanga bajeti hiyo ni tofauti kubwa.

Lipo pengo dogo zaidi ambalo lingezibwa mapema. Maktaba ya glibc, inayotegemewa na sehemu kubwa ya mifumo ya Linux, ina faili za mazingira ya lugha kwa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na ya Kiganda cha Uganda, lakini haina ya Kiswahili cha Uganda. Mhudumu wa Kabalagala anayetaka tarehe za mashine yake zisomeke kwa Kiswahili analazimika kujitangaza kuwa yuko Kenya au Tanzania, na fedha yake ihesabiwe kwa shilingi ya nchi jirani. Mkusanyo wa CLDR wa Unicode umekwisha kuitambua Uganda miongoni mwa nchi za Kiswahili, kwa hiyo data za kuanzia zipo. Faili lenyewe ni maandishi matupu, nalo linaweza kurithi sehemu kubwa ya lile la Tanzania na kubadilisha sarafu, nchi na namba ya simu ya kimataifa. Kinachokosekana ni taasisi ya kulikagua, kuliwasilisha na kujibu maswali ya watunzaji wa maktaba hiyo; kazi hiyo inaweza kufanywa na idara ya lugha ya chuo kikuu ikishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.