Pompi na filtri ya pisini: namna gani maji yanabaki safi



Mutu akipita kando ya Ziwa Kivu na kuona pisini ya hoteli, anasema: «Hawa wanabadilisha mayi kila siku!» Hapana. Pisini ya metre 10 kwa 5, yenye kina cha metre 1 na nusu, inabeba metre kibu 75, ni kusema bidoni 3.750 za litre 20. Nani atajaza hiyo kila asubuhi? Maji ni yale yale kwa miezi mingi, yanazunguka tu. Wale wanaojifunza mekaniki wasome vizuri, kwani siku moja mwenye hoteli anaweza kuwapa ufunguo wa chumba cha pompi.

Maji yanatoka pisini, yanapita kwanza katika kikapu kinachoshika majani na nywele, kiisha yanaingia ndani ya pompi. Pompi inayasukuma katika tangi yenye mchanga, na yanarudi pisini. Pompi ya metre kibu 15 kwa saa moja itamaliza mzunguko wa ile pisini yetu kwa saa 5. Umeme ukikatika, mzunguko unasimama, na uchafu haungoji.

Pompi haijui kuvuta hewa. Mbele ya kufungua kikapu, simamisha motere na ufunge vane. Ukimaliza, jaza maji ndani ya kikapu, funga kifuniko vizuri, ndipo uwashe. Ikizunguka kavu, mpira unaozuia maji kwenye mti wa motere unaungua upesi. Vilevile umeme ukirudi usiku, mlinzi asiwashe tu na kurudi kulala: aende kutazama kama maji yanapita kweli.

Sasa filtri. Mchanga wake ni wa kununua, mgumu, wa chembe za karibu nusu milimetre, zote karibu sawa. Ule mweusi wa lava, unaojaa hapa kwetu, usiutie: una vumbi na chembe za kila ukubwa. Juu ya tangi kuna manometri. Mchanga ukiwa safi, andika kipimo chake katika kaye. Kikipanda karibu nusu bar, filtri imeshiba: simamisha pompi, geuza vane, uwashe tena ili maji yapite kinyume mpaka yatoke meupe. Usigeuze vane hata kidogo motere ikiwa inazunguka. Wengine wanaosha kila siku wakifikiri ni bidii. Kumbe uchafu kidogo kati ya chembe unasaidia kushika ule mdogo zaidi, na kuosha bure ni kumwaga maji.

Lakini filtri haiui mikrobi. Kazi hiyo ni ya klori, na hapa Goma iko shida ambayo vitabu vya Ulaya havisemi sana. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9. Katika pH 7,5, nusu ya klori iko katika hali yake ya nguvu. Katika pH 9, haifiki hata sehemu 5 kwa 100. Mutu anaweza kumwaga klori mingi, macho ya waogeleaji yawake moto, na mikrobi ikae. Kwa hiyo lazima kushusha pH kwanza kwa asidi, hadi kati ya 7,2 na 7,6. Asidi inamwagwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Na usiichanganye na klori katika ndoo moja: inatoka gazi ile ile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Nyumbani hapa Katoyi hatuna pisini, lakini tuna bidoni ya maji ya ziwa. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi Goma, na ziwa liko karibu, limejaa. Kama maji ni machafu, yapitishe kwanza katika kitambaa safi chenye mikunjo mingi, kwa maana klori inakwisha nguvu juu ya matope. Kiisha tia klori kwa kipimo kilichoandikwa, tikisa, ngoja dakika 30 kamili. Kwa maji haya ya pH 9 mikrobi inakufa polepole, basi usipunguze hata dakika moja, hata kama kiu ni kali.