KIJIJI CHA SANAA KIWE MALI YA MAFUNDI

Msafiri ashikaye njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa kwa kupitia Ulaya hupita katika misitu ya miyombo ambayo ni akiba kubwa ya watu wa wilaya ile. Humo mna mpingo na mninga, miti ipendwayo na wachonga vinyago na maseremala. Katika mabonde mna udongo wa kufinyangia. Mji wa Mikumi wenyewe umepata jina lake kutokana na miti ya mikumi, ambayo watu wa pwani huiita mivumo, na majani yake hufaa kwa kusuka. Mkonge nao ni zao la siku nyingi huko Kilosa.

Wageni pia hawakosekani. Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964 imekatwa na barabara kuu ya Iringa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma husimama Kilosa. Penye mali na wanunuzi, mafundi hawana sababu ya kukaa maskini. Kwa hiyo twaona yafaa wananchi wa huko wafikiri juu ya kujenga kijiji cha sanaa, mahali ambapo wachongaji, wafinyanzi, wasusi na wapiga ngoma watafanya kazi pamoja bila ya kuiharibu nchi inayowalisha. Lakini kabla ya kupima msingi, yatupasa tuulize: je, kijiji hicho kitakuwa cha nani?

Swali hili si la bure. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi mafundi walifanya kazi na kuuza bidhaa zao humo. Leo jengo lile halipo tena. Lilivunjwa, na mahali pake pakawa pa ujenzi mwingine. Kwa upande wa pili, mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka huo huo wa 1972, wanafunzi wake hawakutawanyika. Walishikamana, wakafundishana, na hatimaye wakaunda chama chao cha ushirika. Rangi zao zajulikana mpaka leo katika nchi nyingi. Fundisho ni wazi: jengo zuri peke yake halimlindi fundi, umoja na haki juu ya mali ndivyo vimlindavyo.

Kwa bahati njema, sheria haikuwaacha watu wa vijijini mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi, nayo haina budi kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kuigawa. Basi kiwanja cha sanaa kijadiliwe mbele ya watu wote, wanawake na vijana wakiwamo, na mipaka yake iandikwe. Neno la mdomo halitoshi. Ahadi ya leo huweza kusahauliwa siku bei ya ardhi itakapopanda.

Katika habari ya miti, Kilosa haihitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo, kama vile Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Dodoma Isanga, vilianza mpango wa kuvuna mkaa kwa utaratibu. Sehemu ya msitu hugawanywa katika vitalu vidogo. Kimoja hukatwa na cha jirani huachwa, na visiki huachiwa vichipue. Mzunguko wake ni wa miaka 24. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji kwa ajili ya mahitaji ya watu wote. Yafaa mti wa mchongaji nao upangwe vivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, maana mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa. Fundi akataye bila kupanda anakula urithi wa mjukuu wake.

Sasa tuangalie ujenzi wenyewe. Watu wa Kilosa hawajausahau Mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukawaacha maelfu bila makao na kuiharibu reli. Kijiji kisijengwe katika njia ya maji, wala katika njia ya ndovu upande wa Mikumi. Matofali yawe ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukabanwa kwa mashine na kukaushwa, kwani tanuru la matofali hula kuni nyingi. Maji ya mapaa yakingwe katika matangi. Makuti hupendeza na huleta ubaridi, lakini moto hauna huruma: ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea mwaka 2002. Basi mapaa ya makuti yatengane, na tanuru la wafinyanzi likae mbali nayo.

Lililo kubwa kuliko yote ni mahali pa watu wote. Mpingo hukauka polepole sana, na ukiharakishwa hupasuka. Fundi asiye na banda la kukaushia wala ghala la kuwekea hulazimika kuuza kazi yake upesi, kwa bei aitakayo mlanguzi. Banda moja la ushirika na ghala moja lenye daftari la wazi vyaweza kumpa fundi uwezo wa kusema, “Bei hiyo sitaki.” Kando yake pawe na karakana yenye misumeno na patasi za kuazimana, kisima, baraza ya wazee na vijana kufundishana, na uwanja wa ngoma katikati. Uwanja huo uwe wa wanakijiji kwanza, na mgeni akaribishwe kama mgeni. Ngoma ikichezwa kwa ajili ya watalii tu, itakufa siku watakapoacha kuja.

Wako watakaosema kwamba tajiri mmoja angejenga upesi zaidi. Huenda ni kweli. Lakini ajengaye peke yake huuza peke yake, na fundi huamka asubuhi akakuta mlango umefungwa. Haraka haraka haina baraka. Na waanze na banda la kukaushia, ghala na daftari, kisha kitalu cha miche ya mpingo. Mengine yatafuata, nao watakaoyajenga watajua kwamba ni mali yao.