Istilahi za Mezani: Mzio, Karanga na Ufuta

Simu za mkononi zimewaletea faraja watu ambao miili yao haipatani na vyakula fulani. Mtu wa namna hiyo aingiapo mkahawani ugenini, huandika onyo lake katika programu ya kutafsiri, kisha humwonyesha mpishi maandishi ya Kiswahili. Ni dhahiri basi kuwa usalama wake hutegemea pia usahihi wa maneno yanayotokea simuni. Hapa tunafafanua matatu.

(a) Mzio. Neno hili linatokana na kitenzi "zia", yaani kujiepusha na kitu kwa kukichukia au kwa kukihesabu mwiko. Katika tiba limepewa maana mahsusi: hali ya kinga ya mwili kukishambulia chakula kisichowadhuru watu wengine. Maana hizo mbili zikichanganywa, hatari huzuka. Mpishi anayedhani ameambiwa habari ya mwiko aweza kuziondoa korosho juu ya wali, akaridhika. Kumbe mwenye mzio aweza kuvimba koo na kushindwa kupumua kwa sababu ya chembe zilizobaki sahanini. Kwa hiyo neno "mzio" lisiachwe peke yake; lifuatwe na maelezo: "Nikila korosho, hata kidogo, naweza kufa. Tafadhali tumia chombo na kisu safi."

(b) Karanga. Kiingereza kina neno moja la jumla linalokusanya korosho, lozi na jozi. Kiswahili hakina jina la jumla lililozoeleka jikoni, na tafsiri ya mashine yaweza kutoa "karanga". Mpishi akisoma hivyo, ataepuka karanga na kutia korosho kwa nia njema kabisa. Karanga ni jamii ya kunde. Ndiyo maana orodha ya Umoja wa Ulaya ya vyakula 14 vinavyoleta mzio, ambayo mikahawa ililazimika kuizingatia tangu Desemba 2014, imeziweka katika fungu lao peke yao. "Njugu" nalo halitoshi: kwa Wakenya wengi ni karanga, na kwa wengine ni njugu mawe. Mfasiri hana budi kutaja kila kimoja kwa jina lake.

(c) Ufuta. Mbegu hizi huitwa pia simsim. Yafaa kuandika majina yote mawili, kwani mpishi aweza kulijua moja tu.

Baadhi ya wataalamu wangependa kuita kitu kinacholeta mzio "kizio". Lakini neno hilo tayari lina kazi katika hisabati na jiografia. "Kisababishi cha mzio" ni refu, ila halina utata.

Wafasiri wanaoandaa orodha za vyakula zinazosomwa kwa simu wanashauriwa kuzipitisha mbele ya mpishi kabla hazijatumika, na kumwomba aeleze alivyozielewa. Simu haioni mafuta yaliyokwisha kukaangia kitu kingine. Mpishi ndiye ajuaye, nasi tumpe swali analoweza kulijibu.