Chai ya Silibwet na Deni la Dola

Kituo cha kununulia chai karibu na Silibwet, Bomet, kimejaa. "Chamgei, mama," karani anasalimu, anatundika gunia kwenye mizani na kusoma kilo kwa sauti. Mwenye gunia anainama ahakikishe mwenyewe, maana kilo moja ni chumvi ya wiki.

Bei ya jani hilo haiamuliwi hapa. Chai huuzwa mnadani Mombasa kwa dola, mkulima akalipwa shilingi. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 hivi, kwa hofu ya Eurobond, mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa 2014 na uliotakiwa kulipwa Juni 2024. Februari Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili ipunguze deni lile la 2014 lililokuwa na riba ya asilimia 6.875. Wawekezaji wakatulia, shilingi ikapata nguvu hadi karibu 130 kwa dola. Oktoba 2025 bonasi ilipopungua Bomet na Kericho, wakulima wakaja juu, na shirika la chai la KTDA likataja nguvu hiyo ya shilingi miongoni mwa sababu, maana dola ileile ya chai ilizaa shilingi chache.

Binti wa mama huyu mwenye gunia alikuwa mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi (JSS). Mei 2024 walimu kama yeye waligoma wakidai ajira ya kudumu. Mshahara wao ulikuwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Waliambiwa bajeti haitoshi. Juni vijana waliuawa wakipinga Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, mswada ukaondolewa, na Julai 8 Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja. Inauma kuona kusikiliza wananchi kukihesabiwa kuwa hatari.

Kifungu cha 214 cha Katiba kinataka deni la umma lilipwe moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa Serikali. Riba haingoji bunge lipige kura kila mwaka. Mwalimu hungoja.

Tunahubiriwa kwamba nchi ni kama nyumba, ile kadiri ya pato lake. Mama huyu anaijua hesabu ya nyumba. Mkopo wake wa Sacco ni wa shilingi na anaulipa kwa shilingi. Hajawahi kuamka akakuta umevimba kwa sababu ya hofu ya mtu aliye London. Deni la Eurobond linahitaji dola, lakini mwalimu hahitaji. Mshahara wake unaishia kwa maziwa, kabichi na viazi vya soko la Silibwet. Hata hivyo ajira yake hupimwa kwa hofu ya New York, na dola za kulipia riba zinatoka, pamoja na kwingine, kwenye gunia hili linaloteremshwa mizanini.