Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Jioni moja ya Ramadhani iliyopita, akina mama wanaoandaa futari msikitini kwetu, hapa Tukuyu, walituita jikoni. Maziwa waliyoyachemsha na kuyatia mtindi wa kugandishia tangu jana yake yalikuwa vile vile. Hayakuganda wala hayakuchacha. Wapo waliolaumu baridi, na baridi ya Rungwe husingiziwa mengi. Lakini muuzaji, mzee anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa, alipoulizwa hakuficha: mmoja alivimba kiwele, naye akamchoma sindano siku mbili kabla.

Maziwa hugandishwa na bakteria wasio na madhara. Dawa iliyokusudiwa bakteria wa kiwele ilitoka pamoja na maziwa, ikawazuia na hawa. Kuchemsha hakukufaa kitu, kwani moto huua vijidudu, lakini mabaki ya dawa hizi kwa sehemu kubwa huyaacha palepale.

Tukamuuliza dawa aliipataje. Aliinunua dukani, akachoma mwenyewe, na uvimbe ulipopungua akaacha, ili chupa ibaki na akiba ya siku nyingine. Nani kati yetu hajafanya hivyo kwa vidonge vya mtoto? Dozi pungufu huua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, nao huzaliana na hata kuwapa bakteria wa aina nyingine uwezo wa kuishinda dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Watafiti wamekadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Penisilini na tetrasaiklini za zizini ni jamaa wa zile za zahanati, na bakteria sugu huvuka kwa maziwa mabichi, samadi, maji na mikono yetu.

Kosa jingine ni kumchoma OTC kila ng'ombe mwenye homa. Ndigana kali huletwa na kimelea anayeenezwa na kupe, wala si bakteria, na dawa yake ni nyingine. Bila mtaalamu wa mifugo kupima, fedha hupotea na ng'ombe huenda akafa.

Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab (RA), akizunguka Madina usiku, alimsikia binti akikataa agizo la mama yake la kutia maji katika maziwa ya kuuza. Maji yale yangemwibia mnunuzi fedha yake. Dawa iliyofichika humpunja pia, kisha humdhuru, hasa yule ambaye mwili wake haupatani na penisilini.

Hata hivyo, ni rahisi kwetu tulioketi kwenye jamvi kumwambia mtu amwage maziwa. Maziwa hayo ndiyo ada ya shule na sabuni ya nyumba. Lebo ya dawa hutaja siku za kutouza, na kwa baadhi ya dawa hufika juma zima. Hata ndama hafai kupewa, maana usugu huanza kujengeka tumboni mwake. Heri kuuwahi ugonjwa: kunawa mikono na kuosha kiwele, kukamulia matone ya kwanza kwenye chombo cheusi ili mabonge yaonekane, na kumkamua mgonjwa mwisho.

Katika kamati wapo waliotaka tumlipe mzee maziwa atakayomwaga. Mtunza hazina alikataa, na hadi leo hatujaafikiana. Tuliloafikiana ni kwamba atakayetueleza ukweli hatapoteza nafasi yake ya kutuuzia.

Mfungo Mosi mzee alikuja asubuhi, mikono mitupu. Ng'ombe alikuwa amechomwa tena, safari hii na bwana mifugo, na maziwa yake tusiyatazamie hadi Jumatano. Tulinunua kwa jirani yake, na Jumatano ndoo ya mzee ikarudi.